Pambano la mikuki lililokufa mezani, na jinsi lilivyofufuliwa

Kisa hiki ni cha meza ya watu watano: mwendesha mchezo mmoja, anayesimulia na kuwaendesha wapinzani, na wachezaji wanne, wanaocheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika ambamo dadu huamua matokeo, kwa kanuni za toleo la tano, lile la mwaka 2014. Wahusika walikuwa naiti, mwizi, mchawi na kasisi, wote wa daraja la tano. Mimi nilikuwa nikimwendesha kasisi. Kwa hiyo nililiona jambo lote nikiwa upande wa wale ambao pambano halikuwa lao, na huko ndiko ubovu wa pambano la mikuki, lile la manaiti wawili wanaokimbiliana kwa farasi, unakoonekana mapema kuliko kwingine.

Kundi letu lilihitaji askari wa mtawala mmoja wa ngome ili kuzuia jeshi lililokuwa likishuka kutoka milimani. Mtawala hakutaka fedha wala maneno matamu. Alikuwa na mashindano ya mikuki ya farasi ya siku mbili, akatangaza kwamba askari wake watamfuata naiti yeyote atakayemshinda bingwa wake. Ili kumfikia bingwa, ilibidi kwanza kumshinda naiti mwingine wa ngome ileile. Basi mapambano yakawa mawili. La kwanza liliendeshwa kwa kanuni za kitabu kama zilivyo, la pili kwa utaratibu tuliotunga kati ya kikao na kikao.

Pambano la kwanza

Dadu ya kuamua nani aanze ilimpendelea mpinzani. Akamkaza farasi wake visigino, farasi akapiga shoti futi 60 za zamu yake, mkuki wenye kufika futi 10 ukanyooshwa, dadu ya pande 20 ikarushwa. Naiti wetu wakati huo alikuwa wapi? Mwisho wa uwanja, juu ya farasi aliyesimama, kwa sababu zamu yake ilikuwa haijafika. Mtu amevaa deraya kamili, amekuja kukimbiziana mikuki, na pigo la kwanza la siku linamkuta hajasogea hata hatua.

Zamu yake ilipofika, umbali ulikuwa umekwisha. Hakuwa na pa kukimbilia ili apate kasi. Angesogea karibu zaidi, ndani ya futi 5, mkuki wa farasi ungemponza, maana hapo kanuni inakutaka urushe dadu mara mbili na kuchukua ile ndogo. Angegeuza farasi aende mbali arudi kwa shoti, angempa mpinzani pigo la bure mgongoni. Akafanya ambacho mchezaji yeyote mwenye akili angefanya: akabaki palepale akadunga. Mpinzani naye akadunga. Tena shujaa wa daraja la tano anapiga mara mbili kwa zamu moja, kwa hiyo mkuki uleule ulikuwa ukitua mara mbili katika tendo ambalo uwanjani humalizika kwa kufumba na kufumbua.

Hesabu inaonyesha vizuri kwa nini ilichosha. Naiti alikuwa na pointi za uhai 44, kinga ya 20 kwa deraya na ngao, na nyongeza ya 7 kwenye kila pigo. Mpinzani aliandikwa hivyohivyo. Kuipita kinga ya 20 unahitaji dadu ikupe 13 au zaidi, yaani nafasi 8 kati ya 20. Mkuki unatoa dadu ya pande 12, ukijumlisha nguvu ya 4 wastani ni 10.5. Ukiingiza na bahati ya dadu kutua kwenye 20, ambayo huongeza madhara, kila zamu inampunguza mtu pointi 9 hivi. Ili kuzimaliza 44 zinatakiwa zamu kama tano. Zamu tano za kila upande, mapigo mawili kila zamu: dadu 20 za kupiga, zote zikifanana, na hakuna hata moja inayomtaka mchezaji achague kitu.

Sisi watatu tulikaa. Mchezaji wa mwizi alianza kupanga dadu zake kwa rangi. Mchezaji wa mchawi akauliza, "Naweza kumroga farasi wake?" Mwendesha mchezo akajibu, "Hapana, wewe ni mtazamaji." Basi mchezaji wa mchawi akachukua simu yake. Swali lile ndilo lililokuwa neno hai kuliko yote ya jioni ile, na lilifungiwa mlango.

Naiti alishinda akiwa na pointi 9. Mpinzani hakufa, kwa kuwa kanuni inamruhusu anayepiga kwa silaha ya mkononi kumzimisha mtu badala ya kumuua anapomfikisha sifuri. Aliporomoka tandikoni kwa sababu pointi ziliisha, wala si kwa sababu mkuki ulimng'oa. Mtu mmoja akasema, "Haya, tuendelee." Hakuna aliyeshangilia.

Kasoro ilikuwa wapi

Kuna watakaosema mwendesha mchezo ndiye aliyeboronga, kwamba angesimulia vizuri zaidi pambano lingenoga. Sikubaliani. Alisimulia vizuri tu: vumbi, bendera, kelele za umati. Alifuata kanuni kwa uaminifu, na kanuni hizo ni nzuri kwa kazi iliyokusudiwa, ambayo ni vurugu ya watu wanne dhidi ya mazimwi saba chumbani, kila mmoja akiwa na pa kusimama na la kufanya. Zamu zinasaidia kuipanga vurugu ya namna hiyo ieleweke. Pambano la mikuki halina vurugu ya kupangwa. Ni tukio moja linalotokea kwa watu wawili kwa wakati uleule, na ukilikata vipande ukamgawia kila mtu kipande chake, hakuna kinachobaki.

Fikiria lilivyokuwa hasa. Wapanda farasi walikutana kushoto kwa kushoto. Ngao ilikuwa upande huo, na mkuki ulibanwa kwapani kulia, ukaelekezwa mshazari juu ya shingo ya farasi. Katika karne ya 15 uwanja ukaanza kuwekewa ukuta katikati ili farasi wasigongane, na kila mmoja akimbie kwenye njia yake. Katika mpangilio huo hakuna anayeanza. Kila pigo linabeba kasi ya farasi wawili, wake na wa mwenzake. Ukimsimamisha mmoja ili umsubirishe zamu, umemnyang'anya mwenzake nusu ya kasi ya pigo lake, na wewe mwenyewe umebaki na mtu anayemchoma mwingine kwa mti mrefu.

Watunga michezo walilijua hili mapema. Chainmail ya Gary Gygax na Jeff Perren, iliyotoka mwaka 1971, kabla Dungeons & Dragons yenyewe haijazaliwa, ina jedwali la pambano la mikuki ambamo kila mchezaji anachagua kwa siri mahali pa kulenga na namna ya kujikinga, kisha chaguo mbili zinakutanishwa: mkuki unavunjika, unateleza, chapeo inaruka, mtu anaanguka. Pendragon ya Greg Stafford, ya mwaka 1985, ilipita njia nyingine. Wapiganaji wote wawili wanarusha dadu kwa pamoja na zinalinganishwa, na katika shambulio la mkuki juu ya farasi, uzito wa pigo unahesabiwa kwa nguvu ya farasi badala ya nguvu ya aliyempanda. Hilo la pili nalipenda sana kwa ukweli wake. Mkono wa naiti unaelekeza tu, anayepiga ni farasi.

Dungeons & Dragons ilipofika toleo la tatu, mkuki wa mpanda farasi anayeshambulia kwa kasi ukawa na madhara maradufu. Nguvu iliongezeka lakini zamu zilibaki. Marekebisho ya 2024 yameupa mkuki uwezo wa kumwangusha anayepigwa, jambo lililokuwa likikosekana kabisa, lakini bado mmoja anapiga na mwingine anangoja.

Hoja iliyonikaa zaidi tulipojadili kisa hiki inatoka kwa mtu ambaye hakuwahi kuona dadu ya pande 20. Mfalme Duarte wa Ureno, aliyetawala tangu 1433 hadi alipofariki 1438, aliandika mafunzo ya kupanda farasi, na ndani yake akachambua kwa nini mtu anakosa shabaha katika pambano la mikuki. Wapo wanaokusudia kuukwepa mgongano, wapo wanaojipinda kwa hofu unapokaribia, wapo wanaoshindwa kutuliza mwili na mkuki kwa sababu ya wasiwasi, na wapo wanaojitahidi kupita kiasi wakitaka kumzidi mwenzao hadi wanaharibu. Angalia: hakuna hata moja kati ya hizo inayohusu unene wa deraya. Zote zinahusu nia. Kama mtu aliyekimbiza mikuki mwenyewe anasema pambano huamuliwa na nia, basi kanuni inayompa mchezaji kila kitu isipokuwa nafasi ya kuamua imekosa shabaha mapema kabisa.

Kasoro nyingine ilikuwa ya kinachopiganiwa. Pointi za uhai ni kipimo cha kifo, na katika mashindano ya sherehe kifo ni ajali, hakuna anayekifuata. Wanachokifuata ni jina na mali. William Marshal wa Uingereza, aliyeishi karne ya 12 na mwanzo wa karne ya 13, alijipatia utajiri kwenye mashindano kwa kuwateka wapinzani na kuwatoza fidia, farasi na silaha. Inasimuliwa kwamba yeye na mwenzake mmoja waliteka manaiti 103 katika msimu mmoja. Hamisha hilo mezani: kwa bei za toleo la 2014 farasi wa vita ni vipande vya dhahabu 400 na deraya kamili ni 1,500. Naiti anayeingia uwanjani amepanda na kuvaa vipande 1,900, na akianguka vyote vinaweza kuwa vya mwingine. Kwa kundi la daraja la tano hiyo ni hasara inayokausha mate zaidi ya kupungukiwa pointi 10 ambazo usingizi wa usiku mmoja unazirudisha.

Utaratibu mpya

Mwendesha mchezo alikubali kubadilisha. Tulichokubaliana ni kifupi kiasi cha kuandikwa nyuma ya karatasi ya mhusika. Pambano ni mikimbio mitatu. Kabla ya kila mkimbio kila upande unalaza kadi mbili kifudifudi: ya lengo, ambayo ni ngao au chapeo, na ya nia, ambayo ni kushikilia au kukwepa. Kisha kila mmoja anarusha dadu ya kumudu farasi, na asipofika 10 farasi anakengeuka na kadi ya chapeo inahesabiwa kuwa ya ngao. Halafu kadi zinafunuliwa kwa pamoja na dadu za kupiga zinarushwa kwa pamoja.

Kinga ya deraya tuliitupa nje. Deraya haimfanyi mtu awe mgumu kulengwa na mkuki anaoukimbilia mwenyewe. Badala yake ngao ina kizingiti, yaani namba ambayo dadu pamoja na nyongeza lazima ifikie, cha 12, na chapeo kizingiti cha 20. Kuvunja mkuki kwenye ngao ni pointi moja, kwenye chapeo mbili. Aliyepigwa anarusha dadu ya nguvu kujinusuru asianguke, kwa kizingiti cha 12 kama ni ngao na 15 kama ni chapeo. Anayekwepa anaongeza vizingiti vya kulengwa kwake kwa 5, lakini na vyake vya kulenga vinaongezeka vivyo hivyo. Na kwa kuwa mwili umepinda tandikoni, akipigwa anarusha dadu ya kujinusuru mara mbili na kuchukua ndogo.

Namba hizo hazikuokotwa. Kwa nyongeza ya 7, ngao unaipata mara 16 katika 20, chapeo mara 8 katika 20. Mara 16 kwa pointi moja, mara 8 kwa pointi mbili: wastani ni uleule. Hata nafasi ya kumwangusha mtu inakaribiana, asilimia 16 kwa ngao na 14 kwa chapeo. Kwa hiyo hakuna jibu sahihi ambalo mchezaji mwenye kikokotoo atalipata kisha alirudie milele. Kinachobaki ni kusoma hali: nani anaongoza, nani ana haraka, nani anaogopa.

Kwa sheria za uwanja tuliazima kutoka kwenye amri za John Tiptoft, kabaila wa Worcester, za mwaka 1466. Humo kumwangusha mtu kwa mkuki kunashinda kuvunja mikuki, na anayempiga farasi hapati tuzo. Kifungu hicho cha farasi ndicho kilichomrudisha mchawi mezani, maana sasa swali lake la mwanzo lilikuwa na jibu linalouma: ndiyo, unaweza kumroga farasi wa bingwa, na mpiga mbiu akigundua, naiti wetu anapoteza tuzo na askari wote. Lile katazo la mwendesha mchezo likawa kishawishi.

Wengine tulipewa kazi kati ya mkimbio na mkimbio, tukio moja kila mmoja, dakika chache. Mbeba silaha anakabidhi mkuki mpya, mtu anakagua ukanda wa tandiko na vikuku, mtu anakaa karibu na mpiga mbiu kufuatilia alama. Mapambano haya yalikuwa na watu wengi pembeni mwa uwanja, na kila mmoja wao ni nafasi ya mchezaji.

Pambano la pili

Mkimbio wa kwanza, kadi za pande zote mbili zilisema ngao na kushikilia. Wote walipiga, mikuki yote ikavunjika, wote wakajinusuru. Alama zikawa 1 kwa 1.

Wa pili, bingwa alilaza chapeo. Dadu yake ikatoa 14, jumla 21. Mkuki wa naiti wetu ulikosa. Kwa kizingiti cha 15 naiti alirusha 9, akajumlisha 7, akapata 16, akabaki tandikoni kwa pointi moja tu. Alama zikawa 3 kwa 1, na sote tulikuwa tumesimama.

Sasa tazama mkimbio wa tatu, kwa sababu hapa ndipo utaratibu ulipojipambanua. Kabla yake mwizi alitumia tukio lake kukaa na wabeba silaha wa bingwa, akarusha dadu nzuri ya kudadisi, na mwendesha mchezo akampa taarifa moja: bingwa akiwa anaongoza, huwa anageuza bega mkimbio wa mwisho. Anakwepa.

Mazungumzo ya mezani yaliyofuata ndiyo niliyokuwa nikiyatamani tangu pambano la kwanza. Mchezaji wa naiti alikuwa tayari ameshika kadi ya chapeo, kwa hoja iliyo wazi kwamba pointi mbili zingemfikisha sare. Mchezaji wa mchawi akamzuia: "Subiri kwanza, ndugu yangu. Akikwepa, chapeo yake ni 25. Utaipata mara 3 katika 20." Wakakaa kuhesabu. Ngao ya mtu anayekwepa ni 17, na naiti angeipata mara 11 katika 20. Pointi moja isingetosha kitu. Lakini mtu anayekwepa anajinusuru kwa dadu ndogo kati ya mbili, kwa hiyo nafasi yake ya kuanguka kwa kizingiti cha 12 inapanda kutoka asilimia 20 hadi 36. Jumla, kulenga ngao kulimpa naiti nafasi kama moja kati ya tano ya kushinda papo hapo. Kulenga chapeo kulimpa chini ya moja kati ya kumi ya kushinda, pamoja na nafasi ndogo ya sare.

Na kama taarifa ya mwizi ilikuwa ya uongo? Kama bingwa angeshikilia, kulenga ngao kungempa asilimia 16 tu za kushinda, bila nafasi yoyote ya sare. Naiti ilibidi aamue kama anamwamini mwizi, ambaye kwa vikao vingi alikuwa akimwibia chakula. Akamtazama, akalaza kadi.

Zilifunuliwa. Bingwa: ngao, kukwepa. Naiti: ngao, kushikilia. Dadu ya bingwa ikatoa 6, jumla 13, haikufika 17. Ya naiti ikatoa 12, jumla 19. Bingwa akarusha mbili za kujinusuru: 11 na 3. Akachukua 3, akajumlisha 7, akapata 10. Mtu mzima mwenye deraya kamili akatoka tandikoni kwa nyuma, na mchezaji wa mwizi akapiga kelele zaidi ya mchezaji wa naiti.

Tunachoweza kudai na tusichoweza

Ushindi wenyewe si ushahidi. Dadu zingeweza kwenda upande wa pili, na mara nne kati ya tano zingekwenda. Ninachokiangalia ni kwamba pambano zima lilitumia dadu chache kuliko lile la kwanza, watu wanne wakatoa neno lililobadilisha matokeo, na mwisho wake ulieleweka kwa mtu yeyote bila kuulizwa pointi zimebaki ngapi. Hata kushindwa kungekuwa na uzito, kwa sababu naiti angerudi kambini kwa miguu, hana farasi, hana deraya, na sababu ingekuwa taarifa aliyoamua kuiamini.

Baada ya hapo lilitolewa pendekezo la kuongeza hatari ya kifo: dadu ikitua kwenye 20, kibanzi cha mkuki kinapenya kwenye macho ya chapeo. Mfano uliotajwa ni Mfalme Henry wa Pili wa Ufaransa, aliyejeruhiwa hivyo Paris tarehe 30 Juni 1559 akipambana na Gabriel de Montgomery, akafariki tarehe 10 Julai. Nililipinga, na bado nalipinga. Mikimbio mitatu ya watu wawili ni dadu sita za kupiga, na nafasi ya angalau moja kutua kwenye 20 ni zaidi ya robo. Ukiweka kanuni hiyo, robo ya mashindano yote yataishia kwa mtu kupoteza jicho au uhai, na hapo hakuna mtawala atakayemruhusu mwanawe apande farasi.

Lakini ndani ya tukio lilelile la 1559 kuna jambo linalofaa zaidi. Henry alikuwa ameshakimbia, akashikilia kwamba arudie tena na Montgomery. Ni mkimbio huo wa nyongeza uliomuua. Kwa hiyo tuliandika kwamba aliyeshindwa anaweza kudai mkimbio wa nne, na mshindi anaweza kuukubali au kuukataa mbele ya watu. Ni katika mkimbio huo pekee ambapo 20 inapenya chapeo. Hatari ipo, na anayeiingia ameichagua kwa mdomo wake.

Utaratibu huu usiubebe ukaenda nao vitani. Naiti anayeparamia safu ya askari wa miguu hana mtu wa kulaza kadi dhidi yake, na hapo kanuni za kawaida zinatosha: farasi wa vita aliyekimbia futi 20 moja kwa moja akimpiga mtu kwato anaweza kumwangusha, na mpanda farasi anayetaka kuongeza makali ana mafunzo maalumu ya kupigania juu ya farasi. Tatizo pekee la huko ni farasi mwenyewe, ambaye ana pointi 19 tu na kinga ya 11, na hufa mapema mno. Hilo linahitaji uchambuzi wake.

Kilichobaki bila kutulia ni kadi ya kukwepa. Anayeongoza akikwepa mkimbio wa mwisho anafanya jambo la busara kihesabu, na adhabu ya dadu mbili haitoshi kumzuia, kwa sababu bado anapona mara nyingi kuliko anavyoanguka. Bingwa wetu hakukosea kukwepa. Alikosa bahati tu. Hilo halipendezi, kwani umati uliolipa kuona ushujaa ungemzomea. Tumekubaliana kwamba kuanzia sasa anayekwepa hapati pointi kwa mkimbio huo hata akivunja mkuki, na wakifungana kwa alama, aliyekwepa mara nyingi zaidi ameshindwa. Tutaijaribu mashindano yatakayofuata katika ngome hiyohiyo, ambako bingwa wa zamani amekwisha kutuma mpiga mbiu kudai mkimbio wa nne, na mchezaji wa naiti hajasema kama ataukubali.